Chuo cha kwenye mabanda ya farasi

Kila aliyefika sekondari hapa kambini amekariri jambo hili: nyutroni iligunduliwa mwaka 1932 na Mwingereza James Chadwick. Mimi pia nilikariri, nikapata alama, nikasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba huyo Chadwick, kabla ya kugundua nyutroni, alikaa kambini miaka minne. Nimelijua hilo mwaka huu, na tangu nilijue halijatoka kichwani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1914 Chadwick alikuwa kijana wa miaka 22, akifanya utafiti mjini Berlin kwa mwanasayansi Hans Geiger. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Mwezi wa 11 Wajerumani wakawakamata wanaume Waingereza walioishi nchini mwao, wakawapeleka Ruhleben, kiwanja cha mbio za farasi pembeni ya Berlin. Farasi waliondolewa, watu wakaingizwa mabandani. Chumba cha farasi mmoja kililaza watu sita. Walikuwa zaidi ya elfu nne: mabaharia, wafanyabiashara, wanamuziki, wanafunzi, walimu wa vyuo, hata wachezaji wa mpira. Foleni za chakula, baridi, matope, na uvumi usioisha kwamba karibu wataachiliwa. Uvumi wa namna hiyo siye tunaujua.

Haikupita miezi mingi wakaanza kufundishana. Anayejua lugha alifundisha lugha, anayejua hesabu alifundisha hesabu. Ikazaliwa shule ya kambi, wanafunzi wakazidi elfu moja, na ukaanzishwa umoja wa sanaa na sayansi wa kutoa mihadhara. Walikuwa na maktaba. Walikuwa na jarida lao pia, lenye habari za michezo ya kuigiza na mpira, na utani juu ya maisha ya mabandani. Ungedhani ni habari za chuo kikuu cha Uingereza wakati ule, kumbe wenyewe wamezungushiwa waya.

Mkanada mmoja, Ernest MacMillan, alitunga muziki humo kambini, na Chuo Kikuu cha Oxford kikampa udaktari kwa kazi hiyo mwaka 1918. Chadwick naye alijenga maabara bandani kwa vifaa vya kuokoteza na vingine vya kuazima kwa wanasayansi wa Kijerumani. Madini yenye mnunurisho angeyapata wapi? Berlin siku hizo iliuzwa dawa ya meno iliyotiwa thoriamu, watu wakiamini inang'arisha meno. Basi akafanyia majaribio dawa ya meno! Aliyemsaidia alikuwa Charles Ellis, mwenye miaka 19, aliyekuwa akisomea uofisa wa jeshi na alikamatwa akiwa likizoni tu. Ellis alipotoka aliacha jeshi, akawa mwanafizikia.

Lakini nisiwadanganye, Ruhleben haikuwa sawa kwa wote. Mabaharia weusi waliwekwa banda lao peke yao, na Wayahudi vilevile. Wanawake hawakuwepo kabisa. Tena wale walipokea vifurushi kutoka kwao, na mwaka 1918 vita vilipoisha walirudi nyumbani. Mimi nilivuka ziwa mgongoni mwa mama, leo nina miaka 26 na bado niko hapa. Kwa hiyo sisemi kwamba wao waliweza, basi na siye tuache kulalamika.

Ninachosema kinamhusu kijana mmoja wa kikundi chetu cha masomo ya jioni. Hesabu anatushinda wote. Mwezi wa 3 aliniuliza, "Kaka, nasoma ili niende wapi?" Nilikosa jibu. Wiki iliyofuata hakuja, siku hizi anafyatua matofali. Simlaumu. Kaka yake alimaliza kozi nzima humu kambini, na cheti alichopewa kila ofisi anayokipeleka wanamrudishia.

Hapo ndipo ninapowaomba ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili. Mwatuletea madaftari, asanteni. Ila MacMillan hakupewa daftari peke yake. Kilikuwepo chuo upande wa pili wa waya kilichokubali kupokea kazi iliyoandikwa kambini na kuipima kama kazi nyingine yoyote. Kazi ya kutafuta chuo cha namna hiyo hatuiwezi peke yetu, maana hata kibali cha kutoka nje ya geti ni shida.

Na siye vijana tuna ya kwetu. Ellis naye hakujua anasoma ili aende wapi. Alikuwa na mtu wa kusoma naye, basi. Taa ya sola ingali inawaka, ubao upo. Jumamosi nitakwenda kule kwenye matofali, nitamsaidia kubeba, na tukipumzika nitamhadithia ile habari ya dawa ya meno.