Safari ya mafuta ya karai mwilini

Katika vibanda vya chipsi na mandazi mjini Meru na Embu, si ajabu mafuta ya karai kurudiwa hadi yawe meusi. Weusi huo, kwa hakika, hutokana na mabaki ya chakula na mafuta yaliyoharibiwa na hewa na joto. Mafuta ya transi hayana rangi hiyo; motoni huzaliwa kiasi kidogo tu, na mengi hutoka viwandani, mafuta ya maji yanapogandishwa nusu kwa hidrojeni.

Mwili hauyabagui. Nyongo huyatawanya, vimeng'enya vya kongosho huyavunja, kisha utumbo mwembamba huyafyonza na kuyapitisha kwenye limfu hadi damuni. Seli huyachoma kupata nguvu. Yasiyochomwa huhifadhiwa katika shahamu au huingia kwenye utando wa seli.

Madhara yake huonekana katika damu. Mafuta ya wanyama huongeza kolesteroli mbaya. Ya transi huiongeza na papo hapo kuipunguza ile nzuri, na mishipa ya moyo huziba. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi gramu 2.2 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000.