Uchukuano: istilahi ya mfugaji wa samaki wa maji chumvi

Kabla ya kutoa pesa, kila anayefuga samaki wa mapambo wa baharini hujiuliza swali moja: huyu atakaa na wale nilio nao? Wafugaji wa Ulaya na Marekani wana neno moja la kulibeba swali hilo, na vitabu vyao vimejaa majedwali ya nani awekwe na nani. Sisi tuna maneno manne au matano na tunayachanganya tu: kulingana, kuoana, kupatana, kuelewana, hata kutangamana. Natetea jingine, ambalo watu wa pwani wanalo mdomoni kila siku. Ni kuchukuana, na nomino yake uchukuano.

Nimelifikia kwa kuyakataa mengine, na sababu za kuyakataa zimo ndani ya tangi lenyewe.

Kulingana ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linasema kinyume cha ukweli. Mwanasayansi Mwaustria Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alianza kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu ukali wa wanyama kwa kueleza samaki wa matumbawe aliowatazama kwenye maji ya Florida na ndani ya matangi yake. Aliona kwamba samaki wa miambani humshambulia kwa hasira zaidi yule wa jamii yake mwenyewe, na wengine mara nyingi huwaacha wapite. Sababu inaeleweka. Asiyefanana naye hula kitu kingine na kulala pengine. Anayefanana naye ndiye anayetaka mwani uleule, tundu lilelile na jike yuleyule. Fahali wawili hawakai zizi moja. Fahali na mbuzi huenda wakakaa.

Mtazame kangaja. Kwenye shina la mkia, kila upande, ana mwiba mkali kama wembe, na ndio silaha yake. Kangaja wawili wasiotakana husogeleana ubavu kwa ubavu, kichwa cha mmoja kikielekea mkia wa mwenzake, kisha mmoja hupiga mkia pembeni mara moja. Tendo lenyewe ni la kufumba na kufumbua. Baadaye utaona mkato ulionyooka ubavuni, magamba yameinuka kandokando yake, na aliyeumia amejibanza kwenye kona ya juu nyuma ya bomba la pampu, matamvua yakienda mbio. Kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la njano, Acanthurus leucosternon, hupatikana kwenye miamba ya Bahari ya Hindi, yetu ikiwemo, na wanunuzi humpenda mno. Ni kwa sababu wanalingana kabisa ndiyo maana hupaswi kuwaweka wawili katika tangi la nyumbani.

Kuoana ni neno zuri. Tunasema damu zimeoana, rangi zimeoana. Lakini kwa viumbe hai linaleta utata, maana mfugaji analihitaji kwa jambo lake halisi, yaani kuzaana. Chukua samaki wa anemoni wa pwani yetu, Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya chungwa iliyopauka na mstari mweupe unaopita juu ya mgongo. Hawa hukua kama madume. Katika kikundi, aliye mkubwa kuliko wote huwa jike, na jike akifa dume wake hugeuka jike na kushika nafasi hiyo. Kwa hiyo anayetaka jozi hununua wawili wadogo waliopishana kimo kidogo, naye mkubwa humaliza mambo mwenyewe. Anayenunua wawili wakubwa ambao wote wamekwisha kuwa majike amenunua vita. Hapo kuoana kuna kazi yake, na tusilipe nyingine.

Kupatana na kuelewana yanasikika vizuri, lakini yanaifanya habari yote kuwa ya tabia, kana kwamba tatizo ni ugomvi peke yake. Samaki simba, mwenye mapezi marefu yenye sumu, hagombani na mtu. Hamfukuzi yeyote wala halindi tundu. Huelea polepole karibu na jiwe, na kila kinachoingia mdomoni mwake hukimeza. Kati yake na samaki mdogo wa sentimita 5 hakuna uadui hata chembe, kuna chakula cha jioni. Kinyume chake ni samaki sanduku, yule wa manjano mwenye madoadoa meusi na umbo la pembe nne. Ni mpole, huja hadi kwenye kioo, watoto humpenda. Akishtushwa au kusumbuliwa, ngozi yake huweza kutoa sumu, na katika maji yaliyofungiwa sumu hiyo yaweza kuua tangi zima. Na farasi wa baharini, anayepatana na wote? Anakufa njaa kwa upole wake. Kabla hajamaliza kukitazama kipande cha kamba kilichoanguka mbele yake, mwenye mbio ameshakimeza.

Kutangamana nawaachia wanaoandika habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwao linafaa.

Sasa kuchukuana. Nguo ikimkaa mtu vizuri tunasema imemchukua. Chombo tunakiuliza, kinachukua lita ngapi? Daladala inachukua abiria wangapi? Na watu wanaovumiliana kwa muda mrefu bila kuumizana, tunasema wanachukuana. Kufaa, kuenea na kuvumiliana: maana tatu katika mzizi mmoja, na mfugaji wa maji chumvi anazihitaji zote tatu kwa wakati mmoja. Lugha nyingine inabidi iongeze neno la pili ili kuzungumzia mzigo wa tangi. Sisi tunao mzigo huo ndani ya neno lenyewe.

Nao si jambo dogo. Tangi la kati la sebuleni, tuseme lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, linachukua lita 300 likijazwa hadi ukingoni. Ukiweka mchanga na mawe, na kuacha nafasi juu, maji hubaki karibu lita 250. Ndani ya maji hayo kila samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Bakteria wanaokaa kwenye mawe huigeuza kuwa naitriti, nayo bado ni hatari, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hawapo siku ya kwanza. Huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na baada ya hapo idadi yao huenda sambamba na uchafu uliopo. Ukileta samaki wanane siku moja, hata wawe wapole namna gani, tangi halitawachukua. Watakufa pamoja bila kugombana.

Kuna na hesabu ya kesho. Kangaja wa buluu iliyokolea, Paracanthurus hepatus, aliyefahamika duniani kote kwa filamu ya katuni, huuzwa akiwa wa sentimita 5 au 6 na hukua kufikia karibu sentimita 30. Ni samaki wa kuogelea mwendo mrefu. Katika sentimita 120 atageuka na kugeuka maisha yake yote. Mimi simweki, wala sioni haja ya kangaja yeyote katika lita 300.

Ningeweka nani? Nachagua kutoka bahari yetu, kwa kuwa Kenya imekuwa ikiuza samaki hawa nje kwa miongo kadhaa na wapo wavuvi wa pwani wanaojua kumkusanya samaki kwa nyavu ndogo za mkono bila kumjeruhi. Kwanza ingekuja jozi changa ya akallopisos. Si lazima uwe na anemoni; katika tangi wanaishi bila hiyo, na anemoni yenyewe ina madai makubwa ya mwanga na maji tulivu kikemia. Baada ya wiki chache angefuata Halichoeres iridis, mwenye mwili wa rangi ya divai na kichwa cha njano. Jioni taa zikipungua hupiga mbizi na kujifukia mchangani, akalala humo hadi asubuhi. Anayemnunua mara ya kwanza huhisi amemkosa, akaanza kupekua mawe. Aachwe. Anahitaji mchanga laini wa sentimita 5 au zaidi, na kifuniko, maana akishtuka huruka nje.

Na ningetafuta samaki mdogo wa jenasi ya Amblyeleotris pamoja na kamba wake. Hapo ndipo uchukuano unaonekana kwa macho. Kamba anachimba tundu na kulitunza, akisukuma changarawe nje kwa magando, lakini macho yake hayaoni mbali. Samaki husimama mlangoni, na kamba akitoka na mzigo wake huweka kipapasio kimoja juu ya mwili wa mwenzake. Samaki akitikisa mkia, kamba hurudi ndani papo hapo. Hatari ikizidi, samaki naye huingia kichwa mbele. Mmoja ametoa nyumba, mwingine ametoa macho.

Wa mwisho awe Centropyge acanthops, mmoja tu, kitatange mdogo wa buluu na njano asiyezidi sentimita 8. Huyu huzunguka mawe kutwa akidonoa utando wa mwani, na akishayazoea huyaona ni yake. Ndiyo maana anaingia wa mwisho: anayetangulia huwa mwenye nyumba, hivyo wapole watangulie na wenye makuu wafuate. Ikibidi kuongeza mwingine baada yake, hamisha mawe machache kwanza ili kila mmoja aanze upya kutafuta mipaka.

Msafishaji, Labroides dimidiatus, sitamweka, ingawa samaki wengi wa mwambani humpanulia midomo na matamvua. Uchunguzi uliofanywa kwenye matumbawe ya Australia ulionyesha kwamba mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Katika tangi lenye samaki wachache wenye afya atavipata wapi? Wengi hudhoofu na kufa, na mwambani wameacha wateja. Samaki wenzake wanamchukua, tangi halimchukui. Hakuna jedwali la wapole na wakali litakaloonyesha tofauti hiyo, na neno letu linaionyesha kwa sentensi fupi.

Naomba basi wanaotafsiri vitabu na vijitabu vya ufugaji waandike uchukuano, na waeleze mara ya kwanza kwamba unagusa mambo manne: mdomo wa samaki, chakula chake, eneo analolidai, na maji anayoyachafua. Kwa wauzaji wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ombi langu ni jepesi zaidi. Bandikeni kwenye kioo cha kila tangi urefu atakaofikia samaki akiwa mzima, chakula anachokula, na samaki ambao hachukuani nao. Na mteja akirudi na samaki aliyemshinda, mpokeeni, asije akamtupa baharini mbali na kwao.