Muthokoi: Mgeni Aliyepokelewa na Kinu

Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka vilima vya Iveti na Mua, Machakos, hapa Kenya, hushinda siku nzima bila jua. Majira hayo sufuria kubwa haitoki mekoni, na ndani yake mna muthokoi: mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe, au na mbaazi mbichi zinazochumwa kipindi hicho hicho cha baridi.

Wageni hudhani ni isyo, githeri yetu sisi Wakamba, ambayo mahindi yake hayakobolewi. Tofauti iko kwenye ganda. Susu, nyanya yangu, alikuwa akiyanyunyizia mahindi makavu maji kidogo ndani ya kinu, kisha anatwanga. Hakutwanga kwa nguvu ya kuvunja. Mchi wake uliyasuguanisha mahindi yenyewe kwa yenyewe mpaka ganda likabanduka na ile ncha nyeusi ya punje ikang'oka. Akayapepeta kwa ungo, pumba zikawaendea kuku, punje zikaanikwa mkekani. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuushika mchi, maana punje ikipasuka imekuwa chenga, si muthokoi tena.

Mahindi ni mgeni hapa. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioyafikisha pwani yetu katika karne ya 16. Ukambani watu waliishi kwa mtama, mawele, wimbi, kunde na mbaazi, na nafaka hizo zilikuwa zikitwangwa miaka na miaka. Kwa hiyo mahindi yalipopanda bara yalikuta kinu kimekwisha kuchongwa. Naamini hapo ndipo yalipogeuka kuwa ya Wakamba, mikononi mwa wanawake.

Nafaka ya Machakos ilikuwa na jina hata kabla ya reli. Waingereza walipojenga ngome yao hapa mwaka 1889, misafara ya kwenda Uganda ilikuwa ikipita kununua chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mvua zikakatika, ndui ikaingia, na ikaja Yua ya Ngomanisye, njaa ambayo wazee waliihesabia umri wao. Mwaka 1961 njaa nyingine ikaitwa Yua ya Ndeke, kwa sababu chakula kiliangushwa kwa ndege. Ukiyasikia majina hayo unaelewa kwa nini watafiti wa kituo cha Katumani, nje kidogo ya mji, walihangaikia mbegu ya mahindi inayokomaa haraka kabla mvua haijatuacha.

Hatari haikuwa njaa tu. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliingia kwenye mahindi ikaua watu 125 nchini, wengi wao Makueni, Kitui na Machakos. Wataalamu walipoichunguza punje, waliona kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye tabaka za nje na kwenye kiini, na kwamba kukoboa huipunguza, ingawa hakuimalizi. Susu hakulijua neno sumukuvu. Alijua tu kwamba pumba za mahindi yaliyoota ukungu hata kuku hawapewi.

Kuandaa chakula kwa pamoja hakuko kwetu tu. Huko Korea, baridi inapokaribia, familia na majirani hukusanyika kutengeneza kimchi ya kuwatosha mpaka majira ya baridi yaishe. Wanakuita kimjang, na mwaka 2013 UNESCO ilikuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka wanawake wa kijijini kwetu wiki moja kabla ya Krismasi, wawili kwa kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa mwenzake ukishuka, mahindi ya mavuno ya Agosti yakikobolewa kwa ajili ya watoto wanaorudi kutoka Nairobi.

Siku hizi mashine hukoboa gunia zima kwa dakika chache, na sokoni Machakos muthokoi hupimwa kwa kopo la gorogoro. Krismasi nayo ina pilau, chapati na mbuzi. Lakini fungua buti la gari lolote linaloondoka kijijini baada ya mwaka mpya: chini ya maembe, limefungwa kwa kamba ya katani, kuna gunia dogo la muthokoi.