Kodi umelipa, nyumba imepigwa mnada

Wadau, hebu fikirieni. Kodi unalipa kila mwezi, risiti unazo, halafu asubuhi moja askari wako mlangoni: tokeni, nyumba imeuzwa. Kumbe mwenye nyumba alikuwa anakula kodi yako, mkopo wa benki halipi!

Yaliwakuta wapangaji wengi Marekani. Oktoba 2008 Tom Dart, sherifu wa kaunti ya Cook uliko mji wa Chicago, akachoka, akasimamisha kazi ya kuwatoa watu kwenye nyumba zilizonadiwa. Wenye mabenki wakamjia juu. Mimi nampa tano.

Mei 2009 Obama akatia saini sheria: mnunuzi ampe mpangaji halali notisi ya siku 90, na mkataba wake uheshimiwe mpaka uishe, labda mnunuzi atake kuhamia mwenyewe. Hata hapo, siku 90 ziko palepale. Mkopaji mwenyewe, mwenzi wake, wazazi na watoto wake hawahesabiwi wapangaji (wajanja walishafikiriwa).

Mwisho wa 2014 sheria hiyo ikaisha muda. Ilirudishwa Mei 2018, safari hii bila ukomo. Hapo katikati, miaka mitatu na ushei, mpangaji alitegemea sheria ya jimbo lake, kama ilikuwapo.