Pakanga Isiyochemshwa

Katika mabishano ya malaria, pakanga ya Kichina hutolewa kama ushahidi kwamba wazee walijua, maabara ikaja tu kuwathibitisha. Wazee walijua, naam. Karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi moja ya majani hayo, ayaloweke, ayakamue na kunywa maji yake yote. Kuchemsha hakukutaja, na hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1967, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, serikali ya China ilianzisha Mradi 523 wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walikusanya maagizo ya kale zaidi ya 2,000. Pakanga ikaleta matumaini, kisha ikawaangusha majaribioni. Tu aliporudi kwa Ge Hong alishuku kuwa moto ndio unaoiharibu dawa. Akakamua kwa etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafyeka vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Kwa ushahidi huu, kilichorithiwa ni namna ya kuandaa zaidi kuliko jani lenyewe, na anayeichemsha pakanga leo kwa jina la wahenga anakwenda kinyume na mhenga anayemtaja.

Mtu atauliza: kama maji ya Ge Hong yalisaidia, chai ya pakanga ina kosa gani? Artemisinini, kiini cha dawa kilichomo katika pakanga, huyeyuka kwa shida katika maji, kiasi chake hutofautiana shamba kwa shamba, na hudumu mwilini saa chache tu. Ge Hong angeweza kuona homa ikishuka. Vimelea vilivyosalia damuni hakuwa na chombo cha kuvionea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilihimiza dawa mseto, yaani artemisinini pamoja na dawa nyingine, mwaka 2001, na Tanzania Bara ikaachana na dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini) mwaka 2006 ikashika dawa mseto ya ALu, ambamo lumefantrini hubaki kumalizia kazi. Pakanga yetu ya milimani, ndugu wa ile ya Kichina, haisaidii hoja ya chai, kwa kuwa vipimo huikuta haina artemisinini au ina chembe tu.

Pingamizi la wakulima nalipa uzito zaidi. Walioipanda pakanga ya Kichina huko Kenya, Tanzania na Uganda mahitaji yalipopanda waliona bei ikiporomoka miaka michache baadaye, na dawa ikirudi imefungwa katika pakiti za ng'ambo. Hayo ni madai ya haki kuhusu fedha; dozi hayaigusi. Na dozi pungufu ina gharama yake: vimelea vinavyoistahimili artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda na Uganda, na kila kikombe kinachoviacha hai huvipa nafasi ya kuenea.