Mkebe wa Shosho

Desemba iliyopita anko alinipigia simu. "Ukifika nyumbani, mwambie shosho akupatie ile taito. Kuna mtu ako na pesa mkononi, na hangoji." Nilikubali bila kufikiria sana. Mimi ni mtoto wa Nairobi, na Dundori kwangu ilikuwa mahali pa kula waru na kulala mapema kwa sababu ya baridi.

Ukitoka Nakuru mjini unafuata barabara kuu ya Nairobi hadi Lanet, kisha unakata kushoto na kuanza kupanda. Joto la mji unaliacha nyuma. Mashamba ya viazi, kabeji na minji yanakukaribisha, kisha msitu, na ukiendelea mbele utafika Ol Kalou. Siku hizi ni lami, na ndiyo maana mtu wa pesa mkononi alikuwa amejitokeza. Shamba la ekari mbili karibu na lami halihesabiwi tena kwa magunia ya viazi. Linahesabiwa kwa ploti za hamsini kwa mia.

Shosho alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia chumbani na kurudi na mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia. Nilidhani atanipa karatasi moja. Badala yake alimwaga zote mezani. "Keti kwanza," akasema. "Hiyo unayotaka ndiyo ya mwisho. Kuna zingine zilitangulia."

Ya kwanza haikuwa karatasi bali kimkebe cha bati, kidogo kama kiberiti, chenye tundu la kupitisha kamba. Kilikuwa cha baba yake. Humo ndimo alimokaa na kipande chake, akikivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kukibeba. Kilionyesha ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani, na kama mwajiri alikuwa amemruhusu kuondoka. Ukiliacha shamba la mzungu bila sahihi, ulikuwa mtoro, na polisi walikutafuta kama mwizi.

Baba yake shosho alikuwa skwota. Alilima kipande cha ardhi na kufuga mbuzi wake kwenye shamba la mlowezi, na kodi aliilipa kwa jasho. Sheria ya 1918 ilidai siku 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 ikaruhusu mabaraza ya walowezi kuzipandisha hadi 270, na kupunguza mifugo ambayo skwota angeweza kufuga. Mlowezi, kwa upande wake, alikuwa na haki ya kukodishwa ardhi hiyohiyo kwa miaka 999, kwa sheria ya 1915. Ni mwaka uleule wa kipande! Sheria moja ilimtia mtu mizizi kwa karibu miaka elfu, nyingine ikamzuia mwenzake hata kutembea bila ruhusa.

Nilipomwambia shosho kwamba ardhi ilikuwa yetu kabla ya wazungu, alicheka. "Yetu nani? Hapa palikuwa na Wamaasai." Ni kweli. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, maeneo ya Naivasha na Nakuru, wengi wao wakapelekwa Laikipia. Mwaka wa 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwaondoa hata huko Laikipia. Walienda mahakamani mwaka wa 1913, na kesi ikatupwa. Majaji walisema ule ulikuwa mkataba na taifa la kigeni, kwa hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuuamua. Hata sisi, basi, tulipanda viazi juu ya karatasi ya mtu mwingine.

Shosho alikuwa msichana mdogo hali ya hatari ilipotangazwa, Oktoba 1952. Miezi iliyofuata, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu waliondolewa kwenye mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa "rizavu", Mkoa wa Kati, mahali ambapo wengi kama yeye hawakuwa wamezaliwa. Anakumbuka lori, na mama yake akishika sufuria magotini. Mbuzi walibaki. "Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza ndefu," alisema. "Hakuna aliyeniuliza kama nataka kusafiri."

Walirudi uhuru ulipokaribia. Upande wa Nyandarua serikali ilikuwa ikigawa mashamba kwa mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, na waliopata walipewa pamoja na deni la kulipa. Waliokosa walitegemea kampuni za kununua ardhi. Kubwa iliyojulikana Nakuru miaka ya sabini ilikuwa Ngwataniro-Mutukanio, ya Kihika Kimani, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini kuanzia 1974. Zilikuwapo nyingine nyingi ndogo, na guka alijiunga na mojawapo. Utaratibu ulikuwa rahisi kueleza: watu wananunua hisa, kampuni inanunua shamba zima la mlowezi, kisha linakatwa na kila mwanachama anapokea kulingana na hisa zake.

Karatasi ya pili mezani ilikuwa risiti za hisa hizo. Pesa zilitoka kwenye pareto. Shosho aliyachuma maua yale kwa mkono, moja moja, akayakausha, na malipo yalipofika yakaenda kwa kampuni. Aliuza pia ng'ombe wake wa pekee. Risiti zote saba zina jina la guka. "Mwanamke hakuwa anaandikwa," alisema, kama mtu anayekuambia mvua ilinyesha. Kisha wakangoja. Walijenga, wakazaa, wakazika watoto wawili, na taito ilikuwa bado haijatoka. Ilipofika, guka alibakiwa na miaka minne ya kuishi.

"Wakati wa vita vya 2008 niliuficha mkebe huu kwenye shimo la mbolea," alisema. Nakuru ilikuwa ikiwaka, na uwanja wa maonyesho ulijaa wakimbizi wa ndani. Kuna waliofika pale na nguo tu, taito zao zikiwa zimeungua pamoja na nyumba.

Hatimaye akanisogezea karatasi niliyotumwa. Niliisoma mara mbili. Mmiliki ni guka, aliyezikwa miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo akili ilinirudia. Shamba la marehemu haliuzwi kabla ya mirathi kupitia mahakamani, na sheria ya urithi, inayotumika tangu 1981, haimtengi mtoto wa kike kwa sababu ni wa kike, awe ameolewa au la. Shosho ana watoto watatu walio hai. Anko alikuwa amewahesabu wawili, yaani yeye na mdogo wake. Wa tatu ni mamangu. Nilikuwa nimepanda matatu kutoka Nairobi kuja kumnyima mamangu shamba.

Nilimpigia anko. Tulizozana. Akasema mama "alishaenda kwao". Nikamuuliza kwao ni wapi, maana hakuwahi kuolewa. Akakata simu.

Wiki iliyofuata shosho alivaa koti lake la kanisani, tukaenda kwa chifu kuomba barua ya kuanzisha mirathi, ile inayotaja warithi wote. Chifu aliandika kwa mkono, akiuliza majina polepole. La shosho likawa la kwanza. La anko likafuata, kisha la mdogo wake, kisha la mamangu. Hajui kusoma vizuri, lakini aliniomba nimwonyeshe kila jina lilipo, na akaligusa lake kwa kidole.

Kesi bado inaendelea, na anko hajaniongelesha tangu Januari. Huenda mwishowe shamba litauzwa, kwa sababu ekari mbili kwa watu watatu ni hesabu ngumu. Likiuzwa, watauza wote. Nakala ya barua ya chifu iko kwenye mkebe, juu ya zile risiti saba.