Nani Alisema Umekufa? Hadithi ya Sheria za Go

Wasee, kuna mchezo ambapo vita vinaisha kwanza, halafu ndio watu wanakaa chini kukubaliana nani amekufa. Unaitwa Go. Ulianza Uchina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukavuka hadi Japani. Na huko Japani swali moja limewagombanisha watu wakubwa kabisa: nani ana haki ya kusema hili jiwe limekufa?

Ngoja niwape misingi, dakika moja tu. Ubao una mistari 19 kwa 19. Mmoja ana mawe meusi, mwingine meupe. Mnaweka moja moja pale mistari inapokutana, na jiwe likishawekwa halisongi. Nafasi tupu zinazoligusa ndizo pumzi zake. Ukiziba pumzi zote, umelila. Lengo ni kuzungushia eneo kubwa kuliko mwenzako. Kundi likiwa na matundu mawili ndani, yanayoitwa macho, haliuawi, kwa sababu adui hawezi kuziba yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Halafu kuna ko. Hapo mimi nakula jiwe lako moja, na wewe ungeweza kula langu papo hapo, halafu mimi tena, hadi kesho asubuhi. Kwa hivyo sheria inakukataza kurudisha mara moja. Lazima kwanza ucheze kwingine, na ukiwa mjanja unacheza mahali panaponitisha hadi nijibu, ndio urudi kula.

Sasa shida inaanzia kwenye kuhesabu. Kwa drafti ya vifuniko vya soda hapo mtaani, kete haijafa mpaka iliwe. Kwa Go ya Kijapani, pointi zako ni nafasi tupu ulizozungushia pamoja na mateka. Ukiweka jiwe ndani ya eneo lako mwenyewe, umejitoa pointi. Ndio maana hakuna mtu anapoteza muda kuua kundi ambalo kila mtu anaona limekwisha. Wote wawili wakipiga pasi, mchezo unasimama, na mawe yaliyokufa yanaokotwa tu, hata kama bado yana pumzi.

Lakini tusipokubaliana je? Wewe unasema liko hai, mimi nasema ni maiti. Kwa sheria za Kichina hilo si tatizo kubwa: tunacheza hadi mwisho, tuone. Kule mawe yako yaliyo hai yanahesabiwa pamoja na eneo, kwa hivyo kujaza kwako hakukugharimu. Kwa Wajapani, kuthibitisha kunakula pointi za yule anayethibitisha. Yaani ukweli una bei.

Kwa karne nyingi jibu lao lilikuwa rahisi: waulize wakubwa. Enzi za utawala wa Tokugawa, Go ilikuwa mikononi mwa nyumba nne, Honinbo, Inoue, Yasui na Hayashi. Sheria hazikuwa zimeandikwa kama kitabu. Zilikuwa desturi, na hukumu za zamani zilirithiwa kama mali ya ukoo.

Hukumu moja maarufu inahusu umbo linaloitwa nne iliyopinda kwenye kona. Kundi lako limekaa konani na ndani yake kuna mawe yangu. Wewe huwezi kuanzisha vita, ukianza unajiua. Mimi naweza kuanzisha wakati wowote, na itakuwa ko ambayo wewe ndiye lazima utafute kitisho. Desturi ikasema: limekufa, hakuna haja ya kucheza. Sababu yao? Ningeweza kusubiri, niondoe vitisho vyako vyote, kisha nianze. Poa. Lakini wakati mwingine kuna kitisho ambacho hakiondoki. Desturi haikujali. Limekufa, basi.

Halafu akaja Go Seigen. Alizaliwa Uchina mwaka 1914, akaenda Japani mwaka 1928 akiwa kijana mdogo, na wengi wanamhesabu kama mchezaji bora wa karne ya 20. Mwaka 1948 alikutana na Iwamoto Kaoru, na mchezo wao ukaishia kwenye umbo la ajabu ambalo desturi ilikuwa nalo jibu: hesabu pointi tatu bila hata kukamata. Ugomvi ukazuka. Matokeo yakaandikwa kwamba Go ameshinda kwa pointi moja au mbili. Soma hiyo tena. Wataalamu wakubwa wa dunia, na hawawezi kusema ni moja au ni mbili!

Mwaka uliofuata, 1949, chama cha Go cha Japani, Nihon Ki-in, kikatoa sheria zilizoandikwa. Hatua nzuri, lakini cheki walichofanya: sehemu kubwa ya hukumu za uhai na kifo ilikuwa orodha. Umbo hili limekufa. Umbo lile ni pointi tatu. Ni yale maneno ya wazee, sasa yakiwa na wino. Mwaka 1959 Go Seigen akajikuta tena kwenye mzozo, safari hii na Takagawa Kaku, kuhusu kama lazima ajaze ko ya mwisho wakati ana vitisho vya kutosha kuiacha wazi. Mchezo ulikuwa wa nusu pointi.

Mabadiliko ya kweli yakaja mwaka 1989. Badala ya orodha, sheria mpya zikatoa jaribio. Mchezo ukisimama na mkabishana, mnacheza kwa kufikiria tu, nje ya alama, bila kugharimu mtu pointi. Na kwenye jaribio hilo vitisho havifanyi kazi: ukitaka kurudisha ko, lazima kwanza upige pasi kwa ajili ya ko hiyo hiyo. Ukipitisha ile nne iliyopinda, bado inakufa, lakini sasa kuna sababu unayoweza kuifuata mwenyewe. Pointi tatu za bure? Hizo ziliondoka. Unazitaka, zicheze kabla mchezo haujasimama.

Mimi naona hapo ndipo kuna somo la historia. Desturi mbili za kale ziliingia kwenye jaribio moja. Moja ikapita, moja ikaanguka, ingawa zote zilikuwa na heshima ya wazee. Najua sheria za 1989 zinalaumiwa kwamba ni ngumu kusoma, na ni kweli, zinachosha. Lakini nachagua sheria ngumu ninayoweza kuikagua kuliko rahisi inayonitaka ninyamaze. Mimi niliacha chuo, na nimeona vile watu wanaweza kukuokota ubaoni wakati bado una pumzi. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo ilivyo.

Hao majamaa wa 1989 pia hawakuruhusu kelele za bure. Mchezo ukisimama na ukadai uendelee, mwenzako lazima akubali, lakini yeye ndiye anaanza. Kudai kuna gharama. Na mkigundua bado kuna hatua ambayo ingebadilisha matokeo, mkashindwa kabisa kukubaliana kumaliza, sheria inasema wote wawili mmeshindwa. Si sare. Mmeshindwa wote.

Kwa hivyo mtu akikwambia jambo fulani limekufa, usibishe kwa hasira tu. Mwambie akuonyeshe hatua kwa hatua jinsi lilivyokufa, na uwe tayari kumwacha aanze yeye.